Mzee ana uvimbe pafuni, lakini daktari anataka kuchoma sindano kwenye tezi. Kwa nini asichome uvimbe wenyewe?

Binti wa Mwisho

Habari zenu wakuu. Naandika nikiwa na bahasha ya picha za mzee mapajani, naomba mnivumilie kwa urefu.

Mzee wangu ana miaka 67. Alivuta sigara tangu ujana, akaacha miaka sita iliyopita. Kikohozi kilimwanza kama mafua ya kawaida, kikagoma kuondoka. Picha ya CT imeonyesha uvimbe wa sentimita 3.4 sehemu ya juu ya pafu la kulia. Ripoti inataja pia tezi mbili za limfu katikati ya kifua: moja iko upande wa kulia wa bomba la hewa, milimita 14, nyingine upande wa kushoto, milimita 9. Alipopigwa picha nyingine iitwayo PET, tezi ya kulia iliwaka sana, ya kushoto ikawaka kidogo tu.

Daktari anasema atampitishia mpira wenye kamera mdomoni, na humo humo ndani atoboe tezi kwa sindano. Na ataanza na ile ndogo ya kushoto! Uvimbe wenyewe, yaani ugonjwa tunaouona kwa macho, huenda asiuguse kabisa. Kaka zangu wamekuja juu, wanasema tunapotezewa muda, mzee akatwe uvimbe utoke. Mimi nimebaki katikati. Kuna mwenye kuelewa mantiki ya hili jambo?

Hadubini

Dada, pole sana kwa mzee. Nafanya kazi maabara ya patholojia, upande wa seli. Slaidi za sindano za aina hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo acha nikuandikie kwa kirefu.

Daktari wenu anatafuta majibu mawili kwa mchomo mmoja. La kwanza ni kama hii ni kansa na ni ya aina gani. La pili ni imefika wapi. Akichoma uvimbe anapata jibu la kwanza peke yake. Akichoma tezi akakuta seli za kansa ya pafu, amepata yote mawili, kwa sababu seli ya pafu haina sababu nyingine ya kuwa ndani ya tezi ila imesafiri.

Hatua ya kansa ya mapafu hupangwa kwa herufi tatu. T ni uvimbe, N ni tezi, M ni kusambaa mbali. Sasa chukua uvimbe wa mzee, sentimita 3.4, usiubadilishe hata kidogo, uone tezi zinavyoupeleka. Tukichukulia hakuna kilichosambaa mbali, na tukitumia toleo la 9 la mpangilio huu lililoanza kutumika 2025:

Tezi zote zikiwa safi, ni hatua ya IB. Zikishikwa zile za shina la pafu la kulia tu, yaani N1, ni IIB. Ikishikwa tezi ya katikati ya kifua upande ule ule wa kulia, yaani N2, sehemu moja tu, ni IIIA. Zikiwa sehemu mbili au zaidi za katikati upande huo, ni IIIB. Na ikishikwa ya kushoto, ng'ambo ya pili, hiyo inaitwa N3, ni IIIB, na hapo kwa kawaida upasuaji hauzungumzwi tena. Mgonjwa huyo hupelekwa kwenye mionzi na dawa.

Umeona? Ile tezi ya milimita 9 wanayoidharau kaka zako ndiyo inayoamua kama kisu kitamsaidia mzee au kitamwumiza bure.

Kuhusu kuanza na ya kushoto, huo ni utaratibu, na daktari anayeufuata anajua kazi yake. Mtu huanza na tezi ambayo ikiwa na kansa itampandisha mgonjwa juu zaidi, yaani N3, ndipo ashuke N2, kisha N1, na uvimbe mwisho. Sindano ikitoka kwenye tezi chafu ikaingia kwenye tezi safi inaweza kubeba seli. Mimi huku kwenye hadubini nitaziona, nitaandika kansa, na mzee atanyimwa upasuaji kwa kosa la mpangilio tu.

Kaka Mkubwa77

Mimi siamini haya mambo ya kuchoma. Wazee wetu walisema jipu la ndani haliguswi, likiguswa linasambaa. Nina mifano mitatu ya watu waliochomwa wakafa ndani ya miezi. Dada, msiruhusu.

Hadubini

Kaka, hofu yako naiheshimu, ni ya wengi na haikutoka hewani. Mtu anachomwa, jibu linatoka kuwa kansa imeshafika mbali, anafariki, na wanaobaki wanakumbuka sindano. Lakini mara nyingi ugonjwa ulikuwa umeshatembea kabla sindano haijafunguliwa kwenye pakiti yake. Sindano imekuja kutuonyesha tu.

Seli kupandwa kwenye njia ya sindano ni jambo lililowahi kutokea na limeandikwa. Ni nadra sana. Linalotokea kila siku ni lile jingine: mtu kupasuliwa kifua, kisha wakute kansa ilishavuka. Utafiti mmoja uliochapishwa katika jarida la JAMA 2010 ulilinganisha wagonjwa walioanza na sindano kupitia njia ya hewa na umio, na wale waliopelekwa moja kwa moja kwenye uchunguzi wa upasuaji wa katikati ya kifua. Pasua kifua zisizo na faida zilikuwa asilimia 18 kwa waliokosa sindano, na asilimia 7 kwa walioanza nayo.

Sisemi kila mtu achomwe. Kinundu kidogo pembeni ya pafu, tezi zote ndogo na hazijawaka, wakati mwingine jopo la madaktari huamua kukitoa moja kwa moja. Mzee wa dada yetu hayuko hapo. Ana tezi inayowaka.

Nafuatilia Tu

Nimekaa hapa, nasoma. Bi mkubwa wangu ana miadi ya namna hii wiki ijayo.

Sista Zamu

Mimi ni muuguzi chumba cha bronkoskopi. Niongeze upande wa mgonjwa mwenyewe, maana hofu kubwa ya wazee ni kubanwa pumzi.

Kipimo hicho kinaitwa EBUS. Mpira una kamera, na kwenye ncha una ultrasaundi ndogo inayoona nje ya ukuta wa njia ya hewa. Tezi inaonekana kwenye skrini kama kivuli cha mviringo, na mishipa ya damu inaonekana pembeni ili isiguswe. Sindano yenyewe ni nyembamba, unene wake kama milimita 0.7 au 0.8. Mgonjwa hupuliziwa ganzi kooni na kupewa dawa ya kumtuliza mshipani. Wengi wakiamka hawakumbuki kitu. Anahema mwenyewe muda wote.

Asile chakula kwa muda wa saa 6 kabla ya kipimo. Baada ya kipimo asinywe hata maji mpaka ganzi ya koo iishe, kwa kawaida kama saa 2, vinginevyo maji yataingia njia ya hewa bila yeye kuhisi. Atakohoa, koo litawasha, mate yanaweza kuwa na michirizi ya damu siku hiyo. Homa ndogo usiku wa kwanza hutokea. Damu ya kujaza kinywa, homa inayoendelea au pumzi kubana, mrudisheni hospitali bila kusubiri kuche.

Na dawa za kuyeyusha damu ZITAJWE mapema. Klopidogreli kwa kawaida husimamishwa siku 5 hadi 7 kabla, lakini mwenye stenti ya moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, ni mpaka daktari wa moyo aseme. Tumeshaahirisha wagonjwa wamelala kitandani tayari, kwa sababu hakuna aliyeuliza na wao hawakusema.

Binti wa Mwisho

Asante dada Sista, umenitua mzigo. Swali: nilisikia kuna sindano nyingine ya kupitia kifuani nje, mbavuni. Hiyo ikoje?

Sista Zamu

Hiyo huongozwa na CT. Inafaa sana kwa uvimbe ulio pembeni, karibu na ukuta wa kifua, mahali mpira haufiki. Mgonjwa analala bila kutikisika na kubana pumzi kwa kiwango kile kile kila anapoambiwa. Tatizo lake kubwa ni hewa kuvuja na pafu kunywea. Kama mgonjwa mmoja kati ya watano hivi hupata hewa kidogo, wengi wao inajifyonza yenyewe, wachache ndio huwekewa mrija. Mtu aliyevuta sigara miaka mingi mapafu yake yanakuwa yamechakaa, ana hatari zaidi. Tukimaliza tunamlaza ubavu ule uliochomwa uwe chini, na tunampiga picha ya kifua saa chache baadaye kabla hajaruhusiwa.

Halafu tusisahau shingo. Kukiwa na tezi juu ya mfupa wa mtulinga, hiyo ni N3 unayoweza kuichoma kwa ultrasaundi ya kawaida mgonjwa akiwa anazungumza na wewe. Nashauri kila mara: kabla ya mashine kubwa, mtu apapaswe shingo kwa mikono.

Alama ya Pafu

Nami nitoe ushuhuda. Miaka minne iliyopita picha zangu zilionyesha kinundu pafuni na tezi kadhaa katikati ya kifua, zote zinawaka. Nikaambiwa, kwa upole, nijiandae, inaelekea ni hatua ya tatu. Nilianza kugawa vitu vyangu.

Sindano ikaleta vinundu vya chembe za kinga, wanaita granuloma. Sampuli ikaoteshwa maabara, ikaota kifua kikuu. Nikameza dawa za TB miezi sita. Picha ya mwisho tezi zote zimenywea. PET inaonyesha mahali seli zinapokula sukari kwa wingi, na maambukizi nayo yanakula sukari. Hakuna picha iliyokuwa na uwezo wa kunitofautisha mimi na mgonjwa wa kansa. Ilibidi mtu achukue seli, azitazame.

Hadubini

Kaka, nashukuru kwa kuandika haya. Na kinyume chake kipo pia: tezi ya milimita 8, isiyowaka, ikiwa na seli za kansa ndani. Milimita 10 ni mstari wa kutilia shaka tu.

Binti wa Mwisho (siku 9 baadaye)

Wakuu, majibu yametoka. Mzee alikohoa sana wakati wa kipimo lakini alimaliza salama. Nanukuu ripoti:

Tezi ya kulia, kituo 4R: seli za adenokasinoma (aina ya kansa ya pafu) zimeonekana.
Tezi ya chini ya njia panda ya bomba la hewa, kituo 7: limfosaiti (seli ndogo za kinga) nyingi, hakuna seli za kansa.
Tezi ya kushoto, kituo 4L: damu na seli za njia ya hewa, hakuna seli za kansa.

Kwa hiyo ya kulia ndiyo hiyo, nimelia, sitaficha. Lakini kaka zangu wamefurahi kwamba kushoto ni safi, wanataka tarehe ya upasuaji ipangwe. Hata pale tulipopewa karatasi tuliambiwa "kushoto hakuna kitu".

Hadubini

Dada, tulia kwanza, usome tena mstari wa tatu pamoja nami. Nakuomba kabisa.

Kituo 7 wameandika limfosaiti nyingi. Kituo 4L wameandika damu na seli za njia ya hewa. Tezi imejengwa kwa limfosaiti. Sindano iliyoingia kwenye tezi lazima irudi nazo. Nikieleza ninavyoiona: yaliyomo kwenye sindano yanasukumwa juu ya kioo, tone dogo la majimaji mekundu. Kioo cha pili kinalivuta mara moja, wepesi, lisipondeke. Linakauka, linatiwa rangi, baada ya dakika chache nipo kwenye hadubini. Tezi halisi inaonekana kama punje za uwele zilizomwagwa mkekani: viini vidogo vya duara, vyeusi, maelfu, kila kimoja peke yake. Katikati yake, hasa kwa mtu aliyeishi na moshi, kuna seli kubwa za kinga zilizomeza masizi, chembe nyeusi kabisa. Nikiona masizi hayo najua nimo ndani ya tezi. Seli za kansa ni jambo jingine, zinakuja kwa mafungu, zimelaliana, viini vikubwa visivyolingana.

Sasa kioo chenye damu na seli za njia ya hewa kinaniambia sindano imepita ukutani na kwenye kamshipa. Kwenye tezi sina uhakika iliingia. Hilo si jibu la "safi". Hilo ni kukosa jibu. Kuna ripoti zinaandika wazi "sampuli haitoshelezi", nyingine zinaandika "hakuna seli za kansa" na kunyamaza, na familia inachukua ile ya pili kama habari njema. Maneno hayo ya pili yamepeleka watu kwenye chumba cha upasuaji wasichostahili, na mimi yananiuma kila nikiyaona, kwa sababu sentensi moja zaidi ingetosha.

Mwende kwa daktari na swali moja tu: "Je, sampuli ya 4L ilikuwa na limfosaiti?" Mkijibiwa hapana, ombeni irudiwe. Na ombeni, kama inawezekana, mtu wa seli awepo chumbani aangalie kioo pale pale, ili kama haitoshi wachome tena kabla mzee hajaamka. Pasipo na mtu huyo, michomo isipungue mitatu kwa kila tezi.

Sindano ikishindwa tena, njia ya zamani bado ipo. Wanapasua kidogo juu ya mfupa wa kidari na kuingiza kamera kando ya bomba la hewa, wanatoa kipande cha tezi. Ilianzishwa na Eric Carlens wa Uswidi 1959 na bado inategemewa.

Kaka Mkubwa77

Hapo kwenye limfosaiti umenifungua macho. Nilikuwa nasoma "hakuna" kama "hakuna".

Nafuatilia Tu

Na mimi niulize jambo langu. Bi mkubwa alitolewa maji kifuani, zaidi ya lita moja. Jibu: hakuna seli za kansa. Nako ni kukosa jibu?

Hadubini

Inategemea walichokiona, lakini usijitulize mapema. Maji ya kifuani ya mgonjwa wa kansa, yakipimwa mara ya kwanza, hutoa seli kwa kama asilimia 60 tu. Yakijaa tena yapimwe tena. Yakikataa mara ya pili, ni bora kuingiza kamera kifuani na kukata kipande cha utando wenyewe. Hili halihitaji uzembe, maana seli za kansa kwenye maji hayo ni M1a, hatua ya nne, hata kama uvimbe ni mdogo kiasi gani.

Kijana wa Maktaba

Mbona siku hizi kuna kipimo cha damu kinachosaka kansa? Kwa nini mzee achomwe mara mbili wakati mkono una mshipa?

Hadubini

Kipimo hicho ni kizuri, kinasaka vipande vya DNA ya kansa vinavyoelea kwenye damu. Kikikuta badiliko la jeni kama EGFR, mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa yake mapema. Lakini damu haisemi kipande kimetoka tezi ipi, kwa hiyo hatua haipangi. Na kisipokuta kitu, haina maana hakuna, kuna uvimbe usiomwaga DNA ya kutosha.

Kwa mzee kuna la muhimu zaidi. Dada, ile sampuli ya 4R iliyotoa kansa, uliza kama waliigandisha kuwa bonge la nta. Seli zikizamishwa kwenye formalini na kugandishwa kwenye parafini, zinakatwa slesi nyembamba kama za kitunguu, na kila slesi inafanya kazi yake. Kwa rangi za TTF-1 na p40 tunatenganisha adenokasinoma na kansa ya seli bapa. Slesi zinazobaki zinakwenda kwenye jeni, EGFR, ALK, ROS1, KRAS na nyingine, na kwenye PD-L1, protini inayosaidia kuchagua dawa ya kinga, ambayo inataka walau seli hai 100 za kansa ili isomeke. Maabara ikitia rangi kumi na mbili kutafuta jina la kansa, nta inakwisha kabla ya jeni. Waambieni mapema kwamba mnataka jeni, wabane matumizi.

Binti wa Mwisho (wiki 2 baadaye)

Samahani kwa kimya. Tulimwuliza daktari lile swali. Alifungua ripoti, akaisoma kimya, akasema "tunarudia". Sikuona hasira, nadhani aliheshimu kwamba tumeuliza kwa adabu na tumeuliza kitu halisi.

Safari hii mtu wa seli alikuwepo na hadubini yake kwenye kona ya chumba. Alikataa kioo cha kwanza, akakataa cha pili. Cha tatu akanyoosha kidole gumba. Ripoti inasema: kituo 4L, limfosaiti nyingi, makrofaji (zile seli kubwa za kinga) zenye chembe nyeusi, hakuna seli za kansa, sampuli inatosheleza. MRI ya kichwa nayo ni safi. Kwa hiyo imesimama IIIA. Bonge la nta la tezi ya kulia limepelekwa kwenye jeni na PD-L1, na jopo linasubiri hayo ndipo lichague dawa ya kutangulia kabla ya kuzungumza habari ya kisu. Kaka zangu wamekubali kusubiri.

Nilimsomea mzee ripoti jana jioni kwa lugha yake. Akauliza hizo chembe nyeusi ni nini. Nikamwambia ni masizi, ya sigara zake na ya moshi wote aliouvuta, tezi iliyahifadhi. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nimsomee tena mstari wa kushoto.